Boya la dharura la mjomba limefika Nairobi, betri imepitwa na tarehe. Nilifungue mwenyewe?

MpwaWaShimoni · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wakuu, naombeni ushauri kabla sijashika bisibisi.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, kibanda changu kiko ghorofani Luthuli Avenue, huu mwaka wa tisa. Mjomba wangu ana boti ya faiba kule Shimoni. Hupeleka wageni Kisite kuangalia pomboo, na siku nyingine huenda nao mbali kuvua. Wiki iliyopita alinitumia kwa basi lile boya lake la dharura, EPIRB, kile kifaa kinachorusha ishara ya kuomba msaada kwa setilaiti, limeviringishwa taulo ndani ya ndoo ya rangi. Hakueleza mengi. Alisema tu, "Wewe ndiye fundi wa ukoo, litie betri."

Kibandiko cha ubavuni kinasema betri inaisha 03/2023. Nimebonyeza kitufe cha kujipima mara moja, taa ya kijani ikawaka na ile nyeupe ikamweka, kwa hiyo naona kifaa bado kizima. Kimebanwa kwa skrubu nne, hakuna la ajabu. Mtaa wa pili wanauza betri za lithiamu ambazo kwa macho zinaonekana zitaingia. Mjomba alipouliza kwa wakala alitajiwa bei inayokaribia nusu ya boya jipya, tena asubiri wiki kadhaa. Kaskazi inakaribia kuingia na wageni wameanza kupiga simu.

Kama linajipima na kupita, ile tarehe ina maana gani hasa? Naweza kulifungua? Na mjomba ametuma boya tupu, kishikio chake kimebaki kwenye boti. Hilo lina shida?

---

JuaKali_Eastlands · Jumatatu, saa 3:05 usiku

Fungua bwana. Lithiamu ni lithiamu, muhimu volti zilingane. Mimi nimebadilisha betri za mashine za hospitali na zinafanya kazi mpaka leo. Ukiona ni kazi nyingi, kuna jamaa Kirinyaga Road ana maboya mawili ya rangi ya chungwa yaliyotoka kwenye meli iliyovunjwa. Yameandikwa 121.5, bei ya kutupa. Mchukulie mjomba moja, mambo yaishe.

---

DadaWaMawimbi · Jumatatu, saa 4:50 usiku

Mpwa, weka bisibisi chini, halafu nijibu jambo moja kabla ya mengine yote: hilo boya liko wapi sasa hivi, na ni kavu?

Nina sababu ya kuuliza. Nimefanya kazi ya redio za usalama miaka kumi na minne, mingi kwenye karakana ndogo karibu na Uwanja wa Wilson. Nilianza na za ndege, kisha zikaja za vyombo vya majini, maana mfumo ni uleule na masafa ni yaleyale ya megahezi 406. Oktoba moja tuliletewa boya kutoka pwani kwa basi la usiku. Aliyelituma alikuwa na haraka, akalitia kwenye kasha moja na samaki wa ndugu yake waliofunikwa barafu. Asubuhi nilipoinua kifuniko, taa ilikuwa inamweka. Lilikuwa hewani tangu njiani.

Boya la aina ya kuelea lenyewe lina ncha mbili ndogo za chuma upande wa nje. Likiwa ndani ya kishikio, sumaku ya kishikio huliambia lilale hata likirushiwa mawimbi mchana kutwa. Likitoka nje ya kishikio, kisha maji yakaziunganisha zile ncha, huamka. Halina njia ya kutofautisha Bahari ya Hindi na maji ya barafu ya tafi. Kwa hiyo ndiyo, kutumwa bila kishikio ni shida, na taulo lenye unyevu wa chumvi ni shida kubwa zaidi. Litoe humo, lifute kwa kitambaa kikavu, liweke mahali pasipo maji. Ukiona taa imeanza kumweka yenyewe, lizime kwa swichi, kausha zile ncha, kisha pigia simu kituo cha Mombasa kinachoratibu uokoaji baharini, uwaambie ni kosa. Kulizima na kunyamaza ndilo kosa lenyewe, kwa sababu wao tayari wameshasikia na wanaanza kutafuta watu.

Mimi siku ile nilipiga. Aliyepokea alikuwa mpole sana. Aliniambia wameona ishara inatembea kwenye barabara kuu ya Mombasa kuelekea Nairobi, wakashuku ni basi, lakini hawawezi kushuku tu na kukaa. Walikuwa wamepiga simu kwenye namba iliyosajiliwa. Mwenye namba akawajibu kwamba boti aliiuza miaka mitatu nyuma, na jina la aliyemuuzia halikumbuki, anajua tu ni mzee mmoja wa Mtwapa.

Nililala na jambo hilo siku nyingi. Betri ilikuwa nzuri, antena nzuri, setilaiti ilisikia, kituo kilisikia. Mnyororo wote ulifanya kazi, ukakatikia kwenye namba ya simu. Kama ile boti ingekuwa inazama kweli, mtu wa pekee aliyepigiwa asingejua ina rangi gani, imebeba wangapi wala imetoka na nani. Ndiyo maana mtu akiniletea boya la kutia betri, naanza na usajili.

Sasa betri. Taa ya kijani haidanganyi, ila imejibu swali dogo kuliko lile unaloliuliza. Ukibonyeza kujipima, boya hurusha ujumbe mmoja mfupi uliowekewa alama ya jaribio, nazo setilaiti huupuuza. Kazi ile ni ya chini ya sekunde moja. Baharini litatakiwa kurusha kila baada ya sekunde 50 hivi, kila mara kwa nusu sekunde, kwa nguvu ya wati 5, kwa muda usiopungua saa 48. Piga hesabu uone: ni zaidi ya mara 3,400. Na papo hapo taa inamweka, kuna ishara ndogo ya megahezi 121.5 inayowaongoza waokoaji walio karibu, na GPS kama ipo. Tarehe ya kibandiko imekokotolewa ili mpaka siku hiyo betri iwe bado na saa 48 kamili ndani yake, hata baada ya kutoa chaji inayovuja yenyewe na ile inayoliwa na majaribio ya kila mwezi. Baada ya hapo hakuna anayekuahidi. Huenda ni saa 40, huenda ni 9. Wewe na multimita yako hamwezi kujua, kwa sababu lithiamu hushikilia volti zake karibu mpaka mwisho kisha huanguka ghafla. Hilo unalijua wewe mwenyewe kwa kazi yako.

Halafu kulifungua. Pakiti ya kiwandani si seli zilizofungwa pamoja tu. Ina fyuzi, ina daiodi za kuzuia umeme usirudi nyuma, na seli zake zimechaguliwa zilingane. Ukizipiga solda moja kwa moja, seli za lithiamu zinaweza kupasuka mkononi mwako. Lakini tuseme una mikono mizuri na umefaulu. Bado kuna pete ya mpira kwenye ungio, ambayo kila boya likifunguliwa hutupwa na kuwekwa mpya, ikapakwa grisi yake maalumu, skrubu zikakazwa kwa kipimo. Kisha boya huzamishwa kwenye maji yenye joto kuliko lenyewe, hewa ya ndani ipanuke, nawe ukae ukitazama kama kuna kipovu hata kimoja. Mimi hukaa hapo bila kugeuza shingo.

Na kuna jambo la Nairobi ambalo huwa nawaambia wanafunzi wangu. Hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Hewa unayoifungia ndani ya boya juu ya meza yako Luthuli ina shinikizo la takriban asilimia 80 ya lile la Shimoni. Likishuka pwani, hewa ya nje huanza kusukuma kuingia ndani. Kama pete imekaa vizuri, hakuna neno, na hewa yetu kavu ni ya faida. Kama imekaa vibaya hata kwa unywele, boya litaanza kuvuta unyevu wa chumvi siku ileile linapofika, mwaka mzima kabla hajatokea wa kulihitaji.

Baada ya kufunga, boya huwashwa ndani ya sanduku la chuma linalozuia mawimbi yasitoke, na mashine husoma masafa, nguvu na ule utambulisho wa herufi na tarakimu 15. Wewe huna sanduku hilo, nawe usithubutu kuliwasha wazi "kuona kama linafika." Litafika.

Ndugu JuaKali, nakuheshimu, lakini yale ya Kirinyaga Road msimpelekee mtu yeyote. Setilaiti ziliacha kusikiliza 121.5 tarehe 1 Februari 2009. Mtu akizama nayo atakuwa ameshika tochi.

Mpwa, nijibu mambo mawili. Ule utambulisho wa herufi na tarakimu 15 ulio kwenye kibandiko usiuandike hapa, ila uingize kwenye ukurasa wa Cospas-Sarsat, ule mfumo wa kimataifa wa setilaiti za uokoaji, unaofasiri, uniambie umetoa nchi gani. Na muulize mjomba boti aliinunua kwa nani.

---

JuaKali_Eastlands · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Nimesoma, Dada. La 121.5 sikulijua kabisa, nilidhani namba ni ya modeli. Nikipita huko leo nitamwambia yule jamaa aandike kwamba ni pambo.

---

NahodhaMstaafu · Jumanne, saa 4:30 asubuhi

Mwanangu, dada amesema la mezani, niseme la kwenye chombo. Nilikuwa baharini miaka 31, mingi kwenye vyombo vya mwambao kati ya Lamu na Mtwara.

Muulize mjomba boya limefungwa wapi. Kwenye hizi boti za wageni nimeona vishikio vimewekwa chini ya turubai la kivuli, ili kifaa kisipigwe jua. Boti ikizama au ikipinduka, boya linafyatuka vizuri kabisa, linapanda, linakwama chini ya turubai na kuzama nalo. Liwekwe mahali ambapo juu yake hakuna kitu ila mbingu.

La pili ni kamba. Boya lina kamba nyembamba imeviringwa ubavuni. Watu huiona wakadhani ni ya kulifungia boti lisipotee. Ukilifunga kwenye boti, boti itakwenda nalo chini. Kamba ile ni ya kufungia kwenye chelezo cha kuokolea, au mkononi kwako ukiwa ndani ya maji, ili mkondo usiwatenganishe. Kwenye kishikio iachwe imeviringwa.

La tatu, kile kifyatuo cheupe chenye kisu ndani. Kinasubiri shinikizo la maji. Chombo kikishuka kati ya mita 1.5 na 4, kisu kinakata, boya linaachiwa. Kina umri wake, miaka miwili tangu kilipofungwa, na mwezi na mwaka vinatakiwa viwekwe alama. Nimepanda boti moja iliyopakwa rangi upya kabla ya msimu. Fundi wa rangi alipaka kila kitu, na kifyatuo pamoja. Vitundu vya maji vimezibwa na rangi ya buluu safi, inang'aa. Nahodha ananionyesha kwa fahari. Niliumia sana, kwa sababu alikuwa kijana mwangalifu, kasoro tu hakuna aliyemwambia.

---

MpwaWaShimoni · Jumatano, saa 3:20 usiku

Dada, Kapteni, ahsanteni sana. Nimesoma kila neno mara mbili.

Taulo lilikuwa na unyevu. Si wa kukamuliwa, lakini ulikuwepo, na lilikuwa linanukia chumvi. Nimelikausha boya, nimeliweka juu ya kabati mbali na ndoo za maji. Nilitetemeka kidogo nikifikiria lilivyopita Voi na Mtito usiku mzima.

Nimefasiri ule utambulisho. Umetoa nchi 601, Afrika Kusini. Mjomba anasema boti aliinunua Kilifi mwaka 2019 kutoka kwa Mwafrika Kusini aliyekuwa anarudi kwao, na boya lilikuwa limo. Tangu hapo hajabadilisha chochote, hakujua kama kuna cha kubadilisha. Anauliza: mradi GPS inatuma mahali alipo, nchi ina tofauti gani?

Nimemuuliza pia kuhusu kishikio. Kapteni, kiko chini ya turubai.

---

DadaWaMawimbi · Jumatano, saa 4:10 usiku

Mwambie mjomba swali lake ni zuri na wengi hawalifikirii.

Kenya ni 634. Ujumbe ukiwa tayari una mahali, hupelekwa kwa wanaohusika na eneo lile la bahari, yaani utafika Mombasa hata ukiwa na 601. Lakini kuna dakika za mwanzo ambapo GPS bado haijashika, au boya limelalia ubavu na antena iko majini. Hapo ujumbe hujulikana ni wa nani bila kujulikana uko wapi. Ujumbe wa namna hiyo huenda kwa nchi iliyoandikwa ndani ya boya. Sasa huko Afrika Kusini wataangalia daftari lao, watapata jina la bwana aliyehama Kilifi, watampigia. Anaweza kusema boti yake imo baharini Kenya, anaweza kusema hana boti. Na hata mahali pakijulikana, Mombasa wakitaka kujua boti ina watu wangapi watalazimika kuulizia kusini. Wakati huo mjomba wako na wageni wake wanaelea.

Kwa hiyo kazi ya boya hili ni zaidi ya betri: libadilishiwe utambulisho liwe la Kenya na la boti ile, lifutwe kwenye daftari la zamani, lisajiliwe upya. Kubadilisha utambulisho kunafanywa na wakala aliyeidhinishwa na mtengenezaji, kwa programu na kebo yake, na wakati boya liko wazi kwa ajili ya betri ndio wakati wake. Kuhusu usajili, mjomba aanzie kwa KMA, mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, ofisi zao kuu ziko Mombasa, wamwelekeze. Asije akalipia mtu anayesema anasajili kwa haraka; hifadhidata ya kimataifa ya Cospas-Sarsat yenyewe haitozi pesa.

Nilitaka kusema pia kuhusu zile wiki za kusubiri, maana watu humlaumu wakala bure. Pakiti za lithiamu za aina hii zikisafirishwa peke yake kama mzigo hazikubaliwi kwenye ndege za abiria tangu 2015. Huja kwa ndege za mizigo au kwa meli, na karatasi zake ni nyingi. Mpango mzuri ni kuagiza miezi kadhaa kabla ya tarehe ya kibandiko.

Kwa gharama, nitakupa maoni yangu wazi. Muulize wakala boya hili ni modeli ya mwaka gani. Kama halina GPS na pakiti yake inakaribia nusu ya bei, mimi ningenunua jipya lenye GPS. Bila GPS setilaiti hukisia mahali kwa kupima jinsi masafa yanavyobadilika, na hupata duara la kilomita kadhaa. Ukiwa na GPS ni mita mia hivi. Kwa kichwa cha mtu kinachochungulia kwenye mawimbi, hiyo ni tofauti kubwa. Kama linayo, litunze.

Likibadilishwa, pakiti ya zamani usiiache itupwe jalalani Dandora. Ziba ncha zake kwa utepe, uirudishe kwa wakala. Bado ina moto wa kutosha kuunguza nyumba.

Na usibonyeze tena kujipima mpaka limalize matengenezo. Baadaye mjomba abonyeze mara moja kwa mwezi, ndani ya dakika tano za kwanza za saa yoyote, kama saa nne na dakika mbili. Ile ishara ndogo ya 121.5 hutoka hata kwenye jaribio, na dakika hizo ndizo zilizotengwa ili ndege zinazoisikia zisishtuke. Aandike tarehe kwenye daftari la boti.

---

MpwaWaShimoni · Jumamosi, saa 11:30 jioni, wiki ya sita

Narudi na majibu, kwa wale walionipigia simu kuuliza.

Boya lilikuwa na GPS, kwa hiyo tumelitunza. Nililipeleka mwenyewe, kavu, zile ncha nimezifunika, na karatasi ubavuni iliyoandikwa lina nini ndani. Wakala alinikubalia nisimame pembeni. Alipolifungua, ile pete ya mpira ilikuwa na alama ya bapa upande mmoja, na chini ya ubao kulikuwa na doa la kijani la shaba inayooza, dogo kama punje ya mtama. Ningeweka betri zangu za mtaa wa pili, ningefunga palepale juu ya doa. Amelisafisha, amepima, mashine imesoma 634 na utambulisho mpya. Niliona kwa macho yangu jinsi lilivyozamishwa. Dada, na mimi sikugeuza shingo.

Mjomba amehamisha kishikio kwenye bomba la nyuma, juu yake hakuna kitu. Kifyatuo ni kipya, mwezi umewekwa alama. Kapteni, kamba iko imeviringwa.

Kwenye usajili alikuwa ameandika namba yake mwenyewe mara mbili. Nikamwambia, mjomba, wewe utakuwa majini, nani atapokea? Akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Sasa ya kwanza ni ya shangazi, ya pili ni yangu. Nilikuwa nazima simu nikilala. Siizimi tena.

---

DadaWaMawimbi · Jumamosi, saa 1:05 usiku

Nimefurahi mpaka nimemsomea mume wangu. Lile doa la kijani ulipige picha uliweke ukutani kibandani kwako.

Jambo moja limebaki. Keti na shangazi umuulize jina la boti lilivyoandikwa ubavuni, rangi ya juu na ya chini, mjomba kwa kawaida hubeba watu wangapi, na akichelewa huwa amekwenda upande gani. Aandike kwenye karatasi abandike karibu na mahali anapochajia simu. Wakimpigia usiku wa manane, hayo ndiyo watakayomuuliza.